Kitanda Kisicho na Mto

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Mama Mito, na hata mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu angeweza kukuonyesha mlango wake: ule wenye nyuzinyuzi za sufi zilizonata kwenye bawaba, kana kwamba kondoo alipita akajikuna pale. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mbili, mfupi, mnene kiasi, mwenye vidole vilivyochomwa na sindano mpaka vikachoka kuuma, na mdomo usiojua likizo.

Alianza na mito ya viti kama mafundi wengine, lakini kilichompatia jina ni vitu vya watoto wachanga. Alishona mito mirefu, minene, ya kuzungushia kitanda cha mtoto kwa ndani. Ilifungwa kwa tepe kwenye vijiti vya kitanda ili kichwa cha mtoto kisigonge mbao. Sufi aliijaza kwa mkono, konzi baada ya konzi, akiibonyeza mpaka mto ukawa laini kama shavu. "Mtoto wa mtu si gogo," aliwaambia wateja. "Mwache alale kama yai kiotani." Wajawazito walimjia hata kutoka mitaa ya mbali, na yeye aliwakumbuka kwa vitambaa vyao badala ya majina: yule wa vipepeo, yule wa mistari, yule aliyetaka tembo wenye miavuli.

Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyerudi kulalamika. Hilo ndilo alilojivunia kuliko yote, na hilohilo ndilo lililokuja kumkosesha raha.

Alikuwa na watoto wanne. Watatu walikwisha kutawanyika na maisha yao, akabaki karibu yule wa mwisho, binti, ambaye nyumbani walimwita Kitinda. Kitinda alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka. Kutwa nzima kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya watu wanaoapa kuwa gunia limejaa, kisha kuwaonyesha kuwa halijajaa. Hakuwa mtu wa maneno. Mumewe aliendesha lori la masafa, wiki yupo, wiki mbili hayupo. Ujauzito wake wa kwanza ulipotimiza miezi minane, yeye na mama yake ndio waliobaki kuhangaika na maandalizi.

Mchana mmoja Kitinda alitoka kliniki moja kwa moja hadi kwa mama yake. Mama Mito hakungoja hata binti akae. Alifungua kabati, akatoa furushi alilolifunga kwa khanga, akalifungulia juu ya meza ya kukatia. Ilikuwa seti ya mito rangi ya maziwa, imedariziwa vifaranga kumi na wawili, kila kifaranga na macho yake.

"Miezi miwili nimeishona kwa kuiba muda," alisema. "Ya mjukuu wangu haifanani na ya mtu."

Kitinda aliitazama. Mkono hakuunyoosha.

"Mama, muuguzi amesema kitanda cha mtoto kiwe kitupu."

"Kitupu kivipi? Mtoto aanikwe juu ya mbao kama dagaa?"

"Godoro gumu, shuka moja lililobana, mtoto alale chali, basi. Hakuna mto, hakuna blanketi, hakuna mdoli. Na kitanda kiwe kando ya changu, ubavu kwa ubavu, ili nimfikie bila kushuka."

"Sawa, kando yako. Hii nayo inazunguka ndani."

"Hata hiyo hapana, Mama. Aliitaja hasa."

Mama Mito alicheka, lakini kicheko kilitoka kimepinda. "Huyo muuguzi wako amezaa wangapi?"

"Sikumuuliza."

"Ungemuuliza. Mimi nimezaa wanne, na wote vichwa vyao viko mabegani."

Kitinda alitabasamu kidogo, kisha uso ukamrudi ulivyokuwa. "Amesema kuna watoto hulazwa wazima na hawaamki. Na nyumbani hakuna anayesikia chochote. Hata kukohoa."

Nje mtu alipita akiburuta kitu kizito. Mama Mito alivikunja vifaranga vyake kimoja baada ya kingine, akavirudisha kabatini, na jioni ile aliikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika mara tatu.

Hata hivyo mama ni mama. Jumamosi alijifunga kitambaa kichwani, wakatoka na Kitinda kwenda kutafuta kitanda.

Kwanza waliingia duka kubwa la vifaa vya watoto, lile lenye vioo. Muuzaji, kijana mwenye tai, aliwapeleka kwenye kitanda kilichosimama peke yake kama bwana harusi. Kilikuwa na magurudumu, kuta za kitambaa kizito kilichojazwa sponji, na kitufe cha kupiga muziki.

"Hiki ndicho wanachochukua watu wanaowapenda watoto wao," alisema kijana.

"Na wasiowapenda wanachukua kipi?" Kitinda aliuliza, na bila kungoja jibu akasukuma ngumi yake kwenye godoro. Alipoitoa, shimo la ngumi lilibaki. Likaanza kujaa polepole, polepole sana, wote watatu wakilitazama.

Kisha akainama akaegesha pua na mdomo kwenye ukuta wa kitambaa. Alikaa hivyo kwa muda, akainuka uso umemwiva.

"Mama, hebu weka uso hapa uvute pumzi."

"Niache mimi, watu wanatutazama."

"Weka tu."

Mama Mito aliweka. Akavuta. Kitambaa kilimfuata puani, kikanata. Aliinuka haraka kuliko alivyokusudia, akajifanya anarekebisha kilemba.

Kutoka hapo walikwenda kwenye uwanja wa vitu vilivyotumika, ambako meza, makochi na majokofu yalipangwa juani. Mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi aliwaonyesha kitanda cha mbao cheupe chenye ubavu wa kushuka na kupanda. Mbao zake zilikuwa nene, na Mama Mito alikipenda palepale. Aliegemeza mkono juu ya ukingo ili akisifie vizuri. Ubavu uliachia. Ulishuka wote kwa mpigo mmoja, pah! kama kisu cha mchinjaji, ukasimama kidole kimoja tu kutoka kwenye kifundo chake cha mkono.

"Huo ni mlio tu," mzee alisema. "Unahitaji mafuta."

Mama Mito aliusugua mkono wake usioumia. Ndipo alipoona, kwenye ukingo wa juu, alama ndogondogo zilizochimba rangi: meno ya mtoto, manne juu, mawili chini.

"Aliyekuwa akilala hapa yuko wapi sasa?" aliuliza.

"Mimi nauza vitanda, mama. Siuzi habari."

Waliondoka bila kuagana naye. Njiani Mama Mito hakusema kitu, na kwake kukaa kimya mwendo wa mitaa miwili lilikuwa jambo la kuitiwa daktari. Mwishowe alisema, "Twende kwa Fundi Penseli. Tungeanzia kule."

Fundi Penseli alikuwa seremala mwenye karakana nyuma ya kiwanda cha matofali, mtu mrefu, mkavu, mwenye penseli sikioni hata siku ya msiba. Yeye na Mama Mito walikuwa kama kinu na mchi. Yeye alitengeneza vitanda vya watoto, mama akavivisha. Mteja akienda kwa mmoja alitumwa kwa mwingine.

Alipoelezwa shida alifuta vumbi la mbao kwenye kitanda kidogo chenye kuta tatu ndefu na ya nne fupi. "Hiki. Kinaegeshwa kwenye kitanda cha mama. Huu ubavu mfupi unalingana na godoro lako, kwa hiyo nitakuja kupima kimo nyumbani, sitakisia. Kisha kuna mikanda miwili. Inapita chini ya godoro lako mpaka ubavu wa pili wa kitanda, inakazwa kule."

"Kikisogea?" Kitinda aliuliza.

"Hapo ndipo penye kazi. Kikiacha mwanya wa vidole viwili kati yake na godoro lako, hicho si kitanda tena, ni mtego. Utaukagua mkanda kila siku, mwanangu. Kila siku. Usiniamini hata mimi."

Kitinda alijaribu kupitisha kopo la soda kati ya vijiti, kama muuguzi alivyomfundisha. Halikupita. Akabonyeza godoro, likamkatalia. Akatafuta msumari uliojitokeza, rangi inayobanduka, kona yenye ncha. Alifanya yote kimya kimya, kama anapima gunia la mtu asiyemwamini.

Mama Mito naye alikuwa akipapasa ukingo kwa mazoea, akitafuta vile vishikizo vidogo vya mbao ambavyo fundi alikuwa akiviweka kwa ajili ya tepe zake. Alipapasa mbele, akapapasa nyuma.

"Fundi, vishikizo viko wapi?"

Fundi Penseli alichukua randa, akaanza kuranda ubao ambao tayari ulikuwa laini.

"Niliacha kuviweka."

"Tangu lini?"

"Yapata miaka mitatu."

"Miaka mitatu! Na wateja ninaokutumia wanafungia wapi?"

"Wanajua wenyewe pa kufungia." Randa ilisimama. "Mama Mito, mimi nilidhani unajua. Nilidhani Mwalimu alikwambia alipokurudishia mito."

"Mwalimu gani?"

"Yule wa chekechea. Wa mawingu meupe."

Akamkumbuka mara moja: kitambaa cha bluu chenye mawingu. Mwalimu alinunua ile seti alipokuwa anamngoja mtoto wa pili, na baada ya miezi kadhaa akairudisha, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa kwenye karatasi safi. Mama Mito alidhani rangi haikumpendeza. Baadaye alisikia kwamba Mwalimu amefiwa. Hakuuliza amefiwa na nani.

"Kitanda kile nilikitengeneza mimi," alisema Fundi Penseli, sasa akitazama sakafu. "Na sanduku alilozikiwa mtoto nilitengeneza mimi. Vyote viwili vilipimwa juu ya meza hii. Nikarudi hapa nikaondoa vishikizo, nikajiambia nimefanya sehemu yangu. Kukwambia wewe nilishindwa. Ningeanzia wapi?"

Kitinda alimshika mama yake kiwiko. Mama Mito aliutoa mkono ule taratibu, akasema kitanda ni kizuri, wakichukue, fundi aje kupima Jumatatu. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Ndiyo iliyomtisha Kitinda.

Alipofika kwake alifunga mlango, akatoa vile vifaranga kabatini. Alilala kifudifudi kwenye meza ya kukatia na kuzika uso kwenye mto, kama angelala mtoto aliyegeuka. Alivuta pumzi. Ya kwanza ilipita kwa shida. Ya pili ilikuwa ya moto, ileile aliyoitoa. Ya tatu haikuwa na kitu ndani yake. Alikuwa na shingo, alikuwa na mikono, aliweza kuinuka wakati wowote, na bado alipoinuka alikimbilia kufungua dirisha.

Jumatatu mchana, watoto wa chekechea walipokwisha kuchukuliwa, alipiga hodi darasani. Mwalimu alikuwa akifuta ubao. Alipogeuka na kumwona aliyesimama mlangoni, dasta ilimshuka mkononi.

"Nilijua ipo siku utakuja," alisema. "Baadaye nikaacha kungoja. Karibu, Mama."

Walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kifuani. Katika saa nyingine Mama Mito angepata mzaha wa kusema juu ya viti vile.

"Mwalimu, nimekuja kukuuliza jambo ambalo ningekuuliza miaka mitatu iliyopita."

Mwalimu alijifuta chaki vidoleni, kidole kwa kidole.

"Alikuwa na miezi minne. Ilikuwa saa nane mchana. Nilimlaza, nikaenda kuanika nguo. Niliporudi kumchungulia nikaona amegeukia pembeni, uso umeingia kwenye mto, ametulia. Nikasema moyoni, leo kalala vizuri. Nikafunga mlango taratibu nisimwamshe." Alijifuta tena kidole ambacho hakikuwa na chaki. "Nilifunga mlango taratibu, Mama. Nikaenda kumenya viazi."

Mama Mito alitaka kusema pole. Neno lilikuwa dogo mno, akauliza jingine.

"Madaktari walisema nini?"

"Hawakusema ni mto. Wala hawakusema si mto. Mmoja aliniuliza kitandani kulikuwa na nini, nikamtajia, akaandika, akafunga faili. Mimi nilifua ile mito nikakuletea. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika ukanivuta ndani, ukaniwekea chai, ukasema kama rangi haikunipendeza utanibadilishia. Maneno yakanikwama. Nikasema haitakiwi tena, nikaondoka zangu." Aliinua macho. "Ile uliipeleka wapi?"

Kwenye dirisha nzi alikuwa akijigonga, akijigonga.

"Niliiuza," alisema Mama Mito.

"Lini?"

"Wiki ileile."

Mwalimu alisimama. Alienda mpaka dirishani, akarudi. Mama Mito alianza kulia, na Mwalimu akanyoosha kiganja kama anavyonyamazisha darasa.

"Hapana. Usinililie hapa. Nenda kaitafute."

Ndivyo alivyoanza. Kwa wiki tatu cherehani haikuguswa. Kila siku asubuhi alijifunga kitambaa, akashika mfuko mkubwa mtupu, akatoka kugonga milango. Wa vipepeo alikuwa ameigeuza mito kuwa ya kochi. Wa mistari aliitoa bila neno. Wa tembo alimkodolea macho: "Mama Mito, unanitisha kwa nini? Au unataka ninunue nyingine?" Nyumba moja hodi yake haikuitikiwa. Mlango ulikuwa wazi, na mtoto alikuwa amelala uso umegusa mto aliouona mwenyewe ukitoka mikononi mwake. Hakungoja ruhusa. Alitia mikono kitandani akang'oa tepe, mtoto akaamka kwa mayowe, mama yake akaja mbio na mwiko mkononi na kumfukuza kama mwizi. Mito ile ililetwa jioni na mume, bila salamu.

Aliyemuumiza kuliko wote ni jirani yake wa miaka mingi. "Huyu ni wa tatu kuilalia," jirani alisema, amesimama katikati ya mlango. "Wawili wako shuleni. Wewe mwenyewe uliniambia alale kama yai kiotani. Sasa uniambie ulikuwa unadanganya?"

"Sikudanganya. Sikujua."

"Basi na mimi sijui." Mlango ukafungwa.

Watu walianza kusema. Wengine walisema uzee umemwingilia, wengine kwamba amerogwa, wengine kwamba ametubu dhambi isiyosemeka. Yeye alitia nta masikioni. Mfuko ulijaa, akaumwaga chumbani, akatoka tena. Lakini mawingu meupe hayakuonekana. Kila alipofumba macho alikiona kitambaa, bluu yake, pindo lake, ila mnunuzi hakuwa na uso. Alikumbuka mvua tu. Ilikuwa inanyesha, na mtu yule alikataa kuvua mfuko wa nailoni aliojifunika kichwani.

Mfuko kichwani. Nywele mpya, alizosema ndizo tangazo la kazi yake! Siku ya ishirini alisimama katikati ya barabara, pikipiki ikampigia honi, naye akasema kwa sauti, "Msusi!"

Saluni aliipata ya tatu kuuliza. Msusi mwenyewe alikuwa na kitana mdomoni na kichwa cha mteja mikononi, na chini ya kiti alicheza mtoto wa kike wa karibu miaka mitatu, amevaa rola za kukunjia nywele kama bangili. Mama Mito alimtazama mtoto yule, mzima, mchafu, mwenye kelele. Akauliza mito ya mawingu iko wapi.

"Ile mito? Ilikuwa mizuri!" msusi alisema. "Nilimpa wifi yangu alipokuwa mjamzito. Mtoto wake sasa ana miezi minne."

"Yuko wapi?"

"Mbali, Mama. Safari ya kutwa nzima."

Alipewa namba ya simu. Alipiga palepale. Haikupatikana. Alipiga akiwa njiani, alipiga akiwa jikoni. Mwanamke wa kwenye simu, yule asiyechoka, alimjibu kila mara kwamba namba anayopiga haipatikani. Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Msusi naye alipiga, hakupata. "Kwao umeme ni wa kubahatisha," alisema. "Simu ikizima imezima."

Katikati ya hayo Kitinda alishikwa na uchungu. Alijifungua mtoto wa kiume alfajiri, salama, na kesho yake akarudishwa nyumbani. Kitanda kilikuwa kimekwisha kufungwa ubavuni mwa kitanda chake. Mama Mito alipiga magoti, akapitisha kiganja kwenye maungio. Mwanya ulikuwepo, mwembamba, wa kuingia ncha ya kidole. Alivuta mkanda, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na mwanya ukafa. Kisha akamlaza mjukuu chali juu ya shuka moja lililobana. Alionekana mdogo mno pale, kama kitu kilichosahauliwa juu ya meza. Mikono ya Mama Mito ilitafuta yenyewe kitu cha kumwekea, cha kumkinga. Aliifumbata akaikalia.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, akiwa kwenye kiti kando ya kitanda kile, alipiga tena. Simu iliita.

"Nani mwenzangu?" Sauti ya msichana, ya furaha.

"Binti yangu, hunijui. Mimi ndiye niliyeshona ile mito ya bluu ya mtoto wako. Mtoto yuko wapi sasa hivi?"

"Amelala. Tangu saa tatu. Leo kalala vizuri kweli, hata mimi nashangaa."

Kitinda, aliyejilaza, aliuona uso wa mama yake ukibadilika, akainuka kitandani.

"Nenda kamtazame," alisema Mama Mito.

"Kwani kuna nini?"

"Usikate simu. Nenda. Nenda sasa hivi, mwanangu, nakuomba kwa jina la mama yako."

Simu iliwekwa juu ya kitu kigumu. Ndara zilisikika zikienda, si kwa haraka. Mlango ukalia. Mama Mito alihesabu pumzi za mjukuu wake kwa sababu hakuwa na kingine cha kuhesabu. Nne. Tano. Sita. Kule mbali jogoo aliwika, mtu akacheka barabarani. Tisa. Kumi.

Halafu kilio. Kilio cha mtoto aliyeamshwa bila sababu, cha hasira, cha kupasua ngoma za masikio. Mama Mito aliteleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni na simu yake, akabaki hapo.

"Umeniamshia mtoto!" msichana alirudi akihema.

"Alikuwa amelalaje?"

Kilio kilipanda, kikashuka, kama mtoto anabembelezwa.

"Binti yangu, alikuwa amelalaje?"

"Amejisogeza pembeni." Furaha ilikuwa imetoka yote kwenye ile sauti. "Pembeni kabisa. Uso… nimeona kama midomo yake ina rangi nisiyoijua. Sasa imerudi. Analia. Si unamsikia analia?"

"Namsikia. Itoe hiyo mito. Nataka niisikie inatoka."

Akaisikia: tepe moja, ya pili, ya tatu, fundo baada ya fundo, mafundo yaleyale aliyoyasifia kuwa hayafunguki kirahisi. Msichana alishindwa na mawili, akayakata kwa kisu.

Mwalimu alipelekewa habari. Aliuliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume, akaambiwa, akaitikia kwa kichwa, akarudi darasani.

Mito yote aliyoikusanya Mama Mito aliifumua. Vifaranga vilitangulia. Aliyotoa kwenye milango ya watu ilikuwa seti thelathini na moja, naye alijua alishona zaidi ya hizo, ila ni ngapi zaidi hakujua. Nyumba nyingine wenyewe walihama. Nyingine vitambaa vyake havikumrudia akilini kabisa, na hivyo ndivyo vilivyomtesa. Kila alipopita mtaani akaona nguo za mtoto kwenye kamba, alisimama akazichunguza mpaka wenyewe wakatoka kumuuliza anatafuta nini. Jina halikubadilika, ingawa sasa alishona mabegi ya shule na aproni za mafundi, na mto hata wa kiti hakuushika tena.

Mjukuu alipotimiza miezi mitano, siku moja kabla ya adhuhuri, mwanamke kijana mwenye mimba kubwa alipiga hodi. Alikuwa mgeni mtaani. Alikuwa amebeba kitambaa kipya chini ya kwapa, chenye samaki wa rangi ya machungwa.

"Nimeelekezwa kwako. Nataka ile mito ya kuzungushia kitanda."

"Sishoni tena, mwanangu. Kaa nikueleze kwa nini."

Alimweleza, kwa utaratibu, bila kuficha kitu. Mwanamke alisikiliza nusu, akaanza kutazama mlango, mkono juu ya tumbo. Watu wenye mimba hawapendi maneno ya namna ile. Alisimama kabla hayajaisha.

"Asante, Mama. Basi nitakwenda kwa yule fundi wa ng'ambo ya soko. Yeye nimeambiwa anashona, tena anajaza zaidi."

Akatoka. Mama Mito alibaki na aproni chini ya sindano, mguu juu ya pedali. Kupitia dirishani alikiona kile kitambaa cha samaki kikienda barabarani, kikikata kona kuelekea sokoni. Alizima taa ya cherehani, akajifunga kilemba kwa mkono mmoja huku akitafuta viatu kwa mguu, na akatoka mbio nyuma yake, mlango akiuacha wazi.